Daktari, Umefanya Ngapi?

Chuma kilivunjika Jumamosi moja mjini Karatina, dada yangu mdogo akiinua mtungi wa maji wa lita 20. Hakuanguka. Alisikia mlio mdogo mgongoni, kama wa mtu anayevunja kijiti cha kuwashia jiko, akauweka mtungi chini polepole na kumwambia mama kwamba kuna kitu kimeachana. Alikuwa na miaka 22. Vyuma vyenyewe, viwili sambamba, aliwekewa akiwa na miaka 14, katika hospitali ambayo sitaitaja, kwa sababu uti wa mgongo wake ulikuwa umepinda kama herufi S na kila mwaka ulizidi. Skoliosisi. Kwa miaka minane tulijua hadithi imeisha.

Eksirei ilionyesha chuma cha kushoto kimekatika vipande viwili, safi kabisa, kama kimekatwa na msumeno. Daktari wa mifupa tuliyemwona mjini Nyeri aliitazama ile picha kwa muda mrefu, akazima taa ya ubao na kusema: "Hii si kazi yangu. Hata mkinibembeleza nijaribu, mnikatae."

Sikumshukuru vya kutosha siku ile. Nilikuwa na hasira. Nilitaka mtu aseme atatengeneza.

Jumapili iliyofuata tulikutana kwa shosho, kule Mathira, sebuleni, chai ikizunguka. Ulikuwa mkutano wa harambee ingawa hakuna aliyeuita hivyo. Na ukishachangisha watu kwa ajili ya mgonjwa, wacha nikwambie, mgonjwa anakuwa wa kamati. Aliyetoa elfu tano anataka kura. Anko alikuwa na jina tayari: daktari fulani wa Nairobi, mtu wa kwetu, mzee wa kanisa, wamesoma pamoja na kaka yake. Shangazi alitaka India, kwa sababu mtoto wa jirani alienda India. Dada yangu alikaa pembeni kwenye kiti kigumu, wima, kwa vile kuegemea kulimuuma, akauliza kwa sauti ya chini: huyo daktari wa Anko, migongo kama wangu, iliyofanywa ikaharibika, amefanya mingapi?

Shosho ndiye aliyejibu. "Daktari haulizwi maswali. Daktari anaombewa."

Sasa, huyu ni shosho ambaye nimemwona kwenye kituo cha kununulia majani chai akimsimamisha karani mbele ya foleni nzima, miwani mkononi, kainamia mizani, kwa sababu ya nusu kilo. Anaweka risiti zote. Bonasi ikija pungufu anajua ni mwezi gani ulimwibia. Hakuna mtu milimani kwetu anayempa mwenzake kilo za majani au debe la kahawa bila kusoma mizani. Ilikuwaje basi watu kama hawa wakajifunza kutomuuliza chochote mtu anayemfungua mtoto wao mgongo?

Nadhani jibu liko kilomita chache tu kutoka kwa shosho. Liko Tumutumu.

Wamisionari wa Kanisa la Skotland waliweka kituo chao pale kabla ya Vita Kuu vya Kwanza, na daktari aliyejulikana zaidi katika miaka hiyo aliitwa Horace Philp. Upande wa pili wa mlima, Chogoria, Clive Irvine alifika mwaka wa 1922 akaanzisha hospitali ambayo ingali inafanya kazi. Mathari, nje kidogo ya mji wa Nyeri, walikuwa Waitaliano wa Consolata. Ukitaka kuelewa hospitali hizo katika miaka ile, futa kichwani neno "idara". Daktari wa misheni aling'oa meno, alizalisha, alikata miguu iliyooza, alitoa mtoto wa jicho, aliunga mifupa. Jumapili huenda alihubiri pia. Wagonjwa walitembea siku nzima au walibebwa kwa machela. Kumuuliza mtu kama huyo "umefanya ngapi?" kusingekuwa na maana. Kama hakuwa yeye, aliyebaki ni mganga wa kijijini, au hakuna. Waliomwamini hawakuwa wajinga. Walikuwa na mlango mmoja.

Lakini imani hiyo ilichanganyika na kitu kingine. Mwaka wa 1929 misheni za Waskoti katika nchi ya Wakikuyu ziliwataka waumini watie sahihi ahadi ya kuachana na tohara ya wasichana. Wengi walitia kidole gumba, na jambo lile likabaki na jina hilo, kirore, alama ya kidole. Waliokataa walitoka kanisani kwa maelfu, na sehemu ya shule huru za Wakikuyu ilikua kutokana na mpasuko huo. Kiongozi wa upande wa misheni, John Arthur wa Thogoto, alikuwa daktari. Kuhusu tohara yenyewe sina ugomvi na misheni. Ninachokitazama ni ile karatasi: mtu mmoja anayetibu, anayefundisha, anayebatiza, anakuwekea fomu mbele yako na wino wa kidole. Unakubali au unatoka. Kila mara hospitalini ninapoona mzee akitiwa kidole kwenye fomu ya kukubali upasuaji ambayo hajasomewa, naikumbuka kirore. Tulijifunza kwamba mbele ya daktari kuna majibu mawili tu, na swali si mojawapo.

Kwa bahati, mgongo wenyewe una historia tofauti, na historia hiyo imejaa watu walioulizwa maswali magumu, mara nyingi na wagonjwa wao wenyewe.

Mwaka wa 1911, hospitali ya Tumutumu ikiwa bado changa, madaktari wawili wa New York, Russell Hibbs na Fred Albee, kila mmoja kwa njia yake, walianza kuunganisha pingili za mgongo ziwe mfupa mmoja. Hawakuanza na skoliosisi. Walianza na kifua kikuu cha mgongo, ule ugonjwa unaokula pingili kutoka ndani na kumwacha mtu na kibiongo. Wazo lilikuwa hili: pingili zikiungana haziwezi tena kuporomoka. Miaka michache baadaye Hibbs alilipeleka wazo hilo kwa watoto wenye migongo iliyopinda. Mtoto alilala ndani ya plasta kwa miezi, akisubiri mfupa ushikane.

Kisha ikaja polio. Huko Houston, Texas, Paul Harrington alipokea watoto ambao misuli ya mwili ilikuwa imepooza na migongo inajikunja. Plasta iliwabana wasiweze kupumua vizuri. Akaamua kuweka kifaa ndani ya mwili: fimbo ya chuma yenye meno, ndoano juu na chini, inayosukuma mgongo unyooke jinsi jeki inavyoinua gari. Mwanzoni aliweka chuma peke yake. Mgongo ulinyooka, kila mtu akafurahi, na baada ya miezi ndoano zikachomoka au fimbo ikakatika. Harrington akaelewa kwamba kuna mbio ndani ya mwili: ama mfupa utaungana kwanza, ama chuma kitachoka kwanza. Akaongeza ule uunganishaji wa Hibbs. Alipochapisha kazi yake mwaka wa 1962, fimbo ya Harrington ikaenea duniani.

Hapo ndipo dada yangu anapoingia, ingawa alizaliwa miongo minne baadaye. Chukua waya, ukunje huku na huku mara mia. Unakatika, hata ukiwa mnene. Chuma cha mgongoni hukunjwa kidogo kila mtu anapopiga hatua, na kama mfupa ulio chini yake haukuungana, siku itafika. Kwa hiyo chuma kilichovunjika kwa kawaida ni habari tu. Ugonjwa uko kwenye mfupa. Daktari anayeangalia eksirei na kusema "tutabadilisha chuma" amesoma kichwa cha habari akaacha gazeti. Swali la kwanza ni kwa nini mfupa haukushikana. Je, kuna usaha wa chinichini uliokaa kimya miaka yote? Pingili zilizounganishwa zilikuwa chache mno? Vyuma vilibeba mzigo mahali pasipofaa? Bila jibu, chuma kipya kitapita njia ile ile.

Na fimbo ya Harrington ilikuwa na siri nyingine, iliyochukua miaka kujulikana. Kiuno cha binadamu kina bonde lake kwa ndani. Ndilo linalotuwezesha kusimama wima bila kuchoka. Ile fimbo iliyonyooka, ikisukuma hadi chini kiunoni, ilililainisha bonde hilo. Msichana alirudi nyumbani mrefu, amenyooka, picha nzuri. Miaka ikapita, akawa mama wa watu, na akagundua anasimama ameinamia mbele, anakunja magoti ili aweze kutazama mbele, jioni mgongo unawaka moto. Kuanzia miaka ya 1970 madaktari walianza kuliandika tatizo hilo na kulipa jina. Waliliona kwa sababu wagonjwa walirudi, na kwa sababu baadhi ya madaktari walikubali kwamba kazi yao nzuri ya zamani ndiyo iliyoleta maumivu. Sehemu kubwa ya elimu ya upasuaji wa marudio ilitoka hapo, pamoja na ujuzi wa kukata mfupa ulioshikana kwa umbo la kabari ili kulirudisha bonde la kiuno.

Marekebisho yaliendelea. Mexico, Eduardo Luque alitibu watu wa joto kali waliotoka mbali, ambao kuwavalisha plasta miezi mingi kulikuwa mateso. Katika miaka ya 1970 akafunga fimbo kwa waya kwenye kila pingili ili plasta isihitajike. Wafaransa Cotrel na Dubousset wakaja miaka ya 1980 na fimbo zinazokunjwa kufuata umbo la mgongo. Skrubu zikachukua nafasi ya ndoano. Mfaransa mwingine, Pierre Stagnara, pamoja na mwenzake Vauzelle walieleza mwaka wa 1973 kipimo ambacho bado kinanisisimua: katikati ya upasuaji, mgongo ungali wazi, unapunguza dawa ya usingizi hadi mgonjwa asikie, unamwambia achezeshe vidole vya miguu. Akichezesha, unamlaza tena na kuendelea. Asipochezesha, unalegeza chuma haraka. Siku hizi vipo vifaa vya umeme vinavyofuatilia neva muda wote, lakini swali ni lile lile, na ukimuuliza daktari wa mgongo "mtajuaje kama neva imeumia kabla hajaamka?" anatakiwa awe na jibu kabla hujamaliza kuuliza.

Kuna mtu mmoja ambaye hakugusa skoliosisi kwa umaarufu wowote, ila nadhani angeelewana na shosho kwenye kituo cha majani chai. Ernest Codman, wa Boston. Mwanzoni mwa karne iliyopita alikuwa na wazo lililoonekana la ajabu: kila mgonjwa aandikiwe kadi, na baada ya mwaka mmoja atafutwe aulizwe amepona au la. Kama hajapona, iandikwe kwa nini, na kosa ni la nani. Katika hospitali kubwa aliyofanya kazi, Massachusetts General, vyeo vilipanda kwa miaka ya utumishi. Codman alisema vipande kwa matokeo. Mwaka wa 1914 alijiuzulu, akaomba arudishwe kama mkuu wa upasuaji kwa hoja kwamba matokeo yake ni bora kuliko ya wengine. Unaweza kukisia jibu. Aliendesha hospitali yake ndogo na kuchapisha hesabu: wagonjwa 337, makosa 123, yote wazi kwa kila anayetaka kusoma. Alikufa mwaka wa 1940, na kaburi lake halikuwekewa jiwe hadi 2014.

Mzee wa kanisa, miaka mingi ya utumishi, mtu wa kwetu. Boston nako walikuwa na Anko wao.

Nilimchunguza daktari wa Anko kwanza, kwa heshima. Baraza la madaktari wa Kenya lina rejista ambayo mtu yeyote anaweza kuitafuta mtandaoni: jina, leseni, taaluma. Alikuwa halali kabisa, daktari wa mifupa, na nikiuliza huku na kule nilisikia sifa tu. Anaunga miguu ya vijana wa bodaboda kila siku ya Mungu. Ukivunjika paja Thika Road, omba umkute. Lakini paja la bodaboda na mgongo uliofunguliwa mara ya pili ni kazi mbili tofauti. Mara ya pili daktari hakuti nyama iliyojipanga kama kwenye vitabu, anakuta makovu. Alama za mfupa alizozizoea zimefunikwa au zimekatwa. Utando unaozunguka neva umegandamana na kovu na unaweza kuchanika. Damu inamwagika zaidi. Hatari zote zinapanda, na kinachozishusha, kadiri binadamu anavyoweza kuzishusha, ni mkono ambao umeshapita hapo mara nyingi, pamoja na timu ambayo imezoeana: wa dawa ya usingizi, wa neva, wauguzi wa chumba cha mahututi.

Watu wa namna hiyo hawakai Karatina, na hilo pia ni historia. Shule ya udaktari ya Nairobi ilianza mwaka wa 1967. Chuo cha madaktari wa upasuaji wa Afrika mashariki, kati na kusini kiliundwa 1999. Mwaka mmoja kabla ya hapo, Kijabe kulifunguliwa hospitali ya mifupa ya watoto, ya kwanza ya shirika la CURE duniani. Safari ambayo babu zetu walifanya kwa machela hadi Tumutumu, sisi tunaifanya kwa matatu hadi Nairobi, na wenye uwezo wanaimalizia kwa ndege. Ila si lazima ndege ielekee Delhi. Waethiopia wengi wenye migongo mibaya sana wamepelekwa Accra tangu 2006, na Rick Hodes, daktari Mmarekani anayeishi Addis Ababa, kwa Oheneba Boachie-Adjei, Mghana aliyefanya kazi New York kwa miaka mingi na kisha kujenga hospitali ya mifupa nyumbani, iliyofunguliwa 2012. Nilipomwambia Shangazi hivyo alinitazama kama nimemtukana. Mwafrika atibiwe Afrika? Kwa hela zote hizi?

Tuliwaona madaktari watatu wa mgongo, wote Nairobi. Dada yangu aliandika maswali kwenye simu na akakataa niyaulize mimi.

Wa kwanza aliposikia "umefanya marudio mangapi?" aliweka kalamu chini. Akauliza nani amemfundisha kuongea hivyo. Tulilipa tukatoka.

Wa pili alikuwa mtamu kupita kiasi. Alituambia tusijali mara saba, nilihesabu. Hakuomba picha zaidi ya ile eksirei. Alikuwa na nafasi wiki ijayo.

Wa tatu alituweka foleni saa tatu, na chumba chake kilikuwa na fujo. Dada alipouliza, aligeuza kompyuta ili tuone. Alikuwa na orodha, mgonjwa kwa mgonjwa bila majina, na safu ya kilichotokea. Alitwambia waliopata usaha. Alitwambia kuhusu mmoja aliyeamka na mguu dhaifu ambao haujarudi sawa, na aliposema hivyo alinyamaza kidogo. Kisha naye akaanza kuuliza. Unavuta sigara? Vitamini D imepimwa? Uzito umeshuka tangu lini? Akataka CT ili aone mfupa ulishikana wapi na haukushikana wapi, na damu ipimwe kutafuta usaha uliojificha. Akasema atafanya na daktari mwenzake, wawili kwa pamoja, kwa sababu saa zitakuwa nyingi. Akasema pia kwamba asipokuwa na haraka sisi tusiwe nayo.

"Na ripoti ya upasuaji wa kwanza?" aliuliza. "Nataka kujua vyuma ni vya kampuni gani. Kila kampuni ina bisibisi yake. Nikifungua nikakuta skrubu ambayo sina kifaa cha kuitoa, tutakuwa na siku mbaya wote."

Hatukuwa nayo. Hospitali ile ya kwanza ilisema mafaili ya miaka hiyo yalihamishwa, na baada ya simu nne hakuna aliyejua yalihamishiwa wapi. Dada yangu alilia kwenye matatu kutoka stendi hadi Sagana. Huko nyuma kote hakuwa amelia.

Jumamosi nilienda kwa shosho kumweleza tulikofika. Nilimwambia kuhusu kompyuta, ile orodha, yule wa mguu dhaifu. Nilitegemea aseme tumemkosea daktari adabu. Alisikiliza mpaka mwisho, kisha akauliza kama kwenye hiyo orodha mabaya yalikuwa yameandikwa na yeye mwenyewe au na mtu mwingine. Nikasema na yeye mwenyewe. Akatikisa kichwa, akaingia chumbani.

Alirudi na sanduku la bati. Risiti za majani chai, miaka na miaka, zimefungwa kwa kamba kwa mwezi. Hati ya shamba. Chini kabisa, kwenye mfuko wa nailoni, karatasi ya kumruhusu dada kutoka hospitalini akiwa na miaka 14, na nyuma yake vibandiko vidogo vyenye namba, ambavyo muuguzi fulani alivichomoa kwenye pakiti za skrubu na kuvibandika mstari kwa mstari. Jina la kampuni. Ukubwa wa fimbo. Kila kitu.

"Karani alinipa," shosho alisema, akimaanisha muuguzi. "Nikaona zina namba."

Nilinyoosha mkono nizichukue. Akazizuia. Alitafuta miwani, akatoa kidaftari cha chai, akaandika tarehe, karatasi moja, na jina langu, akaniambia nitie sahihi. Upasuaji ni mwezi ujao. Anataka karatasi yake irudi.